Daftari la Wagonjwa Lisiwe la Mwajiri Peke Yake



Mabwana afya wakifika kutoka wilayani na kuanza kuuliza maswali kambini, wengi wetu hufunga midomo. Tunadhani wamekuja kuwatafuta wagonjwa ili waachishwe kazi. Tena maswali yao twayaona ya kipuuzi. Jumapili ulikula nini? Maji unachota wapi? Kazini unasimama upande gani?

Sisi viongozi wa tawi nasi tulikuwa hivyo hivyo. Mwaka mmoja wenzetu wa laini mbili katika shamba la chai waliharisha karibu wiki tatu. Maofisa wa afya walipokuja tuliwaambia kwamba tunakunywa maji ya bomba. Ukweli ni kwamba bomba lilitoa maji siku mbili kwa juma, na siku nyingine tulichota mtoni. Tulisema uongo kwa sababu mnyapara alikuwa amesimama karibu. Wakapima maji ya bomba, wakaenda zao, na watu wakaendelea kuharisha.

Kazi ya wapelelezi hawa wa magonjwa ni kuhesabu. Huuliza nani ameugua, tangu lini, analala wapi, anafanya kazi gani. Kisha huwauliza maswali yale yale watu wazima wa afya, kwa maana asiyeugua naye ana habari ya kueleza. Wakishalinganisha, huona ni jambo gani wagonjwa wanalo ambalo wazima hawana.

Kisa kinachosimuliwa sana ni cha London, mwaka 1854, kipindupindu kilipoingia mtaa wa Broad Street. Daktari John Snow alifuatilia waliokufa na mahali walipokaa, akaona kwamba wengi walitumia maji ya pampu moja. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu hiyo ukaondolewa. Lakini kinachotuhusu sisi hasa ni viwanda viwili vya mtaa huo huo. Kimoja kilitengeneza viwashio vya baruti ya bunduki na kilikuwa na wafanyakazi kama 200. Humo yaliwekwa mapipa mawili yaliyojazwa maji ya pampu ile, ili watu wanywe. Wakafa 18. Cha pili kilikuwa kiwanda cha pombe chenye watu zaidi ya 70, na hakufa hata mmoja. Hao walikunywa pombe yao, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. (Wasomaji wetu wapenda chupa wasije wakaikata habari hii na kuibandika ukutani.)

Tuangalie jambo moja hapo. Wale 18 walifia majumbani mwao. Mtu ambaye angetazama ndani ya kiwanda tu asingeona maiti hata moja. Snow alijua kwa sababu alifuata habari za wafu mpaka mahali walipokuwa wakifanya kazi.

Kisa cha pili ni cha juzi tu, nacho ni cha wafanyakazi kama sisi. Katika mji wa Austin, jimbo la Minnesota, Marekani, kulikuwa na kiwanda cha kuchinja nguruwe. Watu wa huko walianza kufa ganzi na kuishiwa nguvu za miguu. Kila mmoja alikwenda kwa daktari wake, na kila daktari aliona mgonjwa mmoja tu. Aliyeshtuka ni mkalimani wa hospitali, aliyewatafsiria wagonjwa waliosema Kihispania: alikuwa akitafsiri malalamiko yale yale mbele ya madaktari mbalimbali. Muuguzi wa kiwanda naye alikuwa ameona mambo hayo. Habari zikafika kwa maofisa wa afya wa jimbo, na mwezi Novemba 2007 wakaingia kiwandani.

Walitaka kujua kila mgonjwa alisimama wapi. Ikaonekana walikuwa kwenye meza ya vichwa au karibu nayo, mahali ubongo wa nguruwe ulipotolewa kwa kupulizwa na hewa ya mashine yenye nguvu. Ubongo ulirushwa hewani kama ukungu, watu wakauvuta, na miili yao ikaanza kuishambulia mishipa yao yenyewe ya fahamu. Upulizaji ule ukasimamishwa. Mwishowe walihesabiwa wagonjwa 24, pamoja na wa kiwanda kingine katika jimbo la Indiana.

Sasa turudi kwetu Uganda. Zahanati hupeleka hesabu za magonjwa wilayani kila wiki, lakini zahanati haiwezi kupeleka isichoandika. Kibarua akiugua, jina lake hufutwa, naye hubeba mkeka wake akarudi kwao, pengine wilaya ya mbali. Akihesabiwa, atahesabiwa huko, kama mtu wa kijijini. Shambani daftari linaonyesha kwamba watu wote ni wazima! Na mwenye kazi ya kudumu huficha homa yake akiogopa kukatwa mshahara, ingawa Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa, ikiwa amekwisha kufanya kazi mwezi mmoja mfululizo. Amjulishe mwajiri, na awe tayari kutoa cheti cha daktari akitakiwa.

Wako wenzetu wanaosema haya ni mambo ya madaktari, chama kishughulike na mishahara. Hatukubaliani nao. Hakuna daktari anayejua nani alisimama karibu na mashine gani. Sisi tunajua.

Kwa hiyo tunaomba kila tawi liwe na daftari lake. Liandikwe jina, siku ugonjwa ulipoanza, idara, laini anayolala, maji anayokunywa. Na aliyeachishwa au kurudi kwao aandikwe vile vile, pamoja na kijiji alikokwenda. Majina yasisomwe mkutanoni. Na maofisa wakija, tudai kuzungumza nao bila mnyapara.

Sisi tulianza na daftari la shule. Wiki ya kwanza yaliandikwa majina manne, yote ya wapuliza dawa wa shamba moja. Tumelipeleka wilayani, na bwana afya amesema atafika kabla ya mwisho wa mwezi.