Kadi za Simu Zanunuliwa, Nani Azitunza?

Mwananchi anayepiga simu katika ofisi kubwa siku hizi hapokewi tena na mtu aliyekaa mbele ya swichibodi akichomeka na kuchomoa nyaya. Hupokewa na sauti iliyorekodiwa, ikimtaka abonyeze moja kwa masijala na mbili kwa uhasibu. Katika ofisi nyingi za ulimwengu, na bila shaka katika baadhi ya ofisi zetu, nyuma ya sauti ile ipo kompyuta moja yenye mfumo wa Linux, programu iitwayo Asterisk, na kadi iliyopachikwa ndani yake ili kuziunganisha laini za simu na kompyuta hiyo. Hununuliwa kwa sherehe, hupigwa picha, kisha husahauliwa ndani ya kijichumba chenye kiyoyozi.

Madhumuni yetu leo ni kuzungumzia kitu kimoja ambacho wakuu wa idara aghalabu hawakisikii hadi siku simu zinaponyamaza. Kitu hicho mafundi wanakiita draiva.

Kadi peke yake ni chuma. Draiva ndiyo programu inayokifanya chuma hicho kifahamiane na kiini cha mfumo wa kompyuta, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayotawala kumbukumbu, saa na vifaa vyote. Kazi yake si ndogo. Laini moja ya aina ya E1 imegawanywa katika nafasi 32, na hubeba mazungumzo 30 kwa wakati mmoja. Kadi humwamsha mkalimani huyu mara 1000 katika kila sekunde, na kila mara humkabidhi vipande 8 vya sauti kwa kila mazungumzo. Akichelewa kidogo, sauti hukatika au husikika kama ya mtu aliye chini ya maji. Ndiyo maana draiva haiwezi kukaa barazani. Hapana budi ikae ndani ya kiini chenyewe.

Hapo ndipo penye mashaka. Draiva za kadi za Asterisk zilitokana na kazi ya Mmarekani Jim Dixon, na zikaitwa Zaptel. Mwenzake Mark Spencer alianzisha Asterisk mwaka 1999, na kampuni yake ya Digium, iliyokuwa Huntsville katika jimbo la Alabama, ikazitunza. Mwaka 2008 zikabadilishwa jina na kuitwa DAHDI, kwa kuwa jina la awali lilikuwa alama ya biashara ya watu wengine. Mwaka 2018 Digium nayo ikanunuliwa na kampuni ya Sangoma ya Kanada. Katika safari yote hiyo, draiva hizi hazikupata kuingizwa katika hazina rasmi ya Linux. Zimebaki nje.

Watunzaji wa Linux hutoa toleo jipya kila baada ya wiki 9 au 10, na hawajapata kuahidi kwamba mambo ya ndani ya kiini yatabaki vilevile. Wamesema wazi kinyume chake, katika waraka ulioandikwa na Greg Kroah-Hartman na kuwekwa ndani ya maelezo rasmi ya Linux. Draiva iliyomo ndani ya hazina yao ni kama chombo kilichotia nanga bandarini: mwenye bandari akihamisha maboya, huvihamisha na vyombo. Iliyo nje, nahodha ajitafutie njia mwenyewe, na pengine hupata habari za boya baada ya kupanda mwamba.

Maboya yenyewe yamehamishwa mara nyingi. Katika toleo la 4.15, Januari 2018, namna ya kuandaa vipima muda ilibadilishwa. Katika toleo la 5.6, Machi 2020, ilibadilishwa namna ambayo draiva hutoa taarifa zake kupitia faili za mfumo. Katika toleo la 6.4, Juni 2023, amri ya kuunda jamii ya vifaa ilipunguziwa neno moja tu ndani ya mabano. Neno moja! Lakini draiva iliyoandikwa kwa desturi ya zamani, isiporekebishwa, haijengeki, na isiyojengeka haipakiwi, na isipopakiwa kadi hugeuka kuwa pambo.

Fauka ya hayo ipo kompaila, ambayo ndiyo huyageuza maandishi ya mwanaprogramu kuwa amri za mashine. Nayo haikai mahali pamoja. Udhaifu wa vichakataji ulioitwa Spectre ulipotangazwa Januari 2018, kompaila ya GCC ilipewa kinga mpya, na kiini cha Linux kikaanza kutoa onyo kila kilipopakia draiva iliyojengwa kwa kompaila isiyo na kinga hiyo. Toleo la 5.18 la mwaka 2022 likahamisha kiini chote kutoka kanuni za lugha ya C za mwaka 1989 kwenda zile za mwaka 2011. Mwaka 2024 ikatoka GCC 14, ambayo makosa mengi iliyokuwa ikiyaonya tu sasa inayakataa kabisa.

Baadhi ya maofisa watasema: basi tusibadilishe kitu, mashine ibaki kama ilivyo. Tunaifahamu hoja hiyo na tunaikataa. Mfumo wa CentOS 7, uliotumiwa na mitambo mingi ya Asterisk, ulijengwa juu ya kiini cha 3.10 na kompaila ya GCC 4.8. Tarehe 30 Juni 2024 muda wake wa kupewa marekebisho ya usalama ulikwisha. Ofisi iliyobaki nao inaacha mlango wazi kwa kila mwizi wa mtandao, na wizi wa simu za kimataifa kupitia swichibodi za watu ni biashara ya siku nyingi, ambayo ankara yake humfikia mwenye laini mwisho wa mwezi. Ofisi inayohamia Debian 12 inaruka kutoka 3.10 hadi 6.1, na kutoka GCC 4.8 hadi GCC 12, kwa hatua moja. Mabadiliko ya miaka takriban 10 humwangukia fundi mmoja katika usiku mmoja.

Ubaya wa pili ni kinyume cha huo: mashine iliyoachwa ijisasishe yenyewe saa nane za usiku. Asubuhi kiini ni kipya, draiva ni ya kiini cha jana, na mfumo unaikataa. Ipo zana iitwayo DKMS, iliyoanzishwa na wahandisi wa kampuni ya Dell, ambayo huijenga draiva upya kila kiini kinapobadilika. Ni zana njema, na tunashangaa kuona mahali ambapo haikuwekwa. Lakini DKMS hujenga tu, haitengenezi. Maandishi yakiwa yamepitwa na wakati, itashindwa kimyakimya, na atakayegundua ni mama aliyepiga simu kutoka Micheweni kuulizia majibu ya mgonjwa wake.

Sisi wa visiwani hatuhitaji kufundishwa gharama ya kutegemea kitu kimoja kisichotazamwa. Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima mwaka 2008, na tena kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa sababu umeme wote ulitegemea njia moja kutoka Bara, yenye waya uliolazwa baharini mwaka 1980. Wenye hoteli walinunua majenereta. Maskini walinunua mafuta ya taa. Simu ikikatika ni hivyo hivyo: mkubwa ana simu ya mkononi ya mkubwa mwenzake, ilhali mwananchi ana ile namba iliyobandikwa ubaoni.

Tuseme basi linalotakiwa. Kabla ya zabuni kutiwa saini, muuzaji aulizwe kwa maandishi kama draiva ya kadi yake imo ndani ya hazina ya Linux au iko nje, na kama iko nje, ni nani atakayeirekebisha na kwa miaka mingapi. Jambo hili si dogo, maana DAHDI yenyewe ilipofika toleo la 3.0 iliacha kuzihudumia kadi kadhaa za zamani, na wenye kadi hizo wakawa wategemezi wa hisani ya watu wanaozitunza nakala zao wenyewe. Kila kituo kiwe na mashine ya pili, hata kuukuu, ambayo masasisho hutangulizwa humo kwanza, na kiini cha zamani kisifutwe hadi kipya kithibitike. Wapo wanaoshauri kuiacha kadi kabisa na kutumia kisanduku cha nje kinachozungumza na kompyuta kupitia mtandao. Ni ushauri wa maana, almuradi ikumbukwe kwamba ndani ya kisanduku nacho mna kiini na draiva, ila vimefichwa.

Zaidi ya yote tunahitaji watu. Maandishi ya DAHDI yako wazi chini ya leseni ya GPL. Hapana wa kutuzuia kuyasoma wala kuyarekebisha. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinasomesha vijana fani ya kompyuta. Vijana wawili au watatu wakikabidhiwa kazi hii kwa ajira ya kudumu, si kwa mkataba wa miezi mitatu, wakapewa kadi, mashine ya majaribio na muda wa kusoma, Serikali haitalazimika kumsubiri mtaalamu apande boti kila kiini kinapobadilika. Mishahara yao ni midogo ukilinganisha na bei ya kununua mtambo mpya kwa sababu ya kadi nzima iliyokosa mkalimani.

Mwaka wa fedha huanza Julai. Maofisa mipango wanapopanga makadirio, fungu la matunzo ya mitambo ya simu, pamoja na draiva zake, tunataka kuliona limeandikwa kwa jina lake, lisichanganywe katika Matumizi Mengineyo.