Kupima ni bure, sasa siri iwe ya kweli

Kupima VVU wilayani Rungwe hakuna bei. Uende Hospitali ya Wilaya pale Makandana au zahanati ya kijijini kwako, kipimo ni bure, ushauri nasaha ni bure, na dawa za kufubaza virusi ni bure. Hata hivyo wapo watu wa Tukuyu wanaopanda gari hadi Mbeya, kilometa 70 hivi, ili wapimwe na mtu asiyewajua. Nauli inatoka mfukoni, siku ya shamba inapotea. Wanachonunua kwa gharama hiyo ni siri.

Hatuwacheki. Tukuyu ni mji mdogo. Muuguzi ni binti wa shangazi, mtu wa maabara mnaimba naye kwaya, mlinzi wa getini mlisoma darasa moja. Tena kwa mila za Kinyakyusa, mkamwana na baba mkwe hukwepana hata njiani. Sasa weka benchi moja refu nje ya mlango wenye maandishi makubwa ya CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU, halafu mwambie mkamwana huyo aje akae hapo saa mbili asubuhi, naye mzee huenda yuko foleni ya shinikizo la damu mita tano tu kutoka kwake. Hatakuja. Atapanda gari la Mbeya, au atakaa nyumbani.

Wanaokaa nyumbani ndio wanaotusumbua. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta kwamba katika mkoa wetu wa Mbeya asilimia 9.6 ya watu wenye miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU. Wastani wa nchi ni asilimia 4.4, na waliotuzidi ni majirani zetu wa Njombe na Iringa tu. Utafiti huo huo una habari njema ambayo haisemwi vya kutosha. Kati ya Watanzania wenye VVU wanaojijua, karibu wote, asilimia 98, wanatumia dawa, na asilimia 94 ya wanaotumia dawa virusi vyao vimefubazwa. Lakini wanaojijua ni asilimia 83 tu. Maana yake dawa zinafanya kazi na watu wanazimeza. Tunapopoteza watu ni mlangoni, kabla hawajatoboa kidole. Wanaume ndio walio nyuma zaidi, kwa sababu mwanamke hupimwa akienda kliniki ya wajawazito, mwanaume hana siku ya namna hiyo.

Kwa hiyo tuwaeleze wasiowahi kwenda. Unaingia chumba chenye mshauri mmoja. Anakuuliza kilichokuleta na namna unavyoishi, bila kukuhubiria. Akikuhubiria, hajui kazi yake. Anaomba ridhaa yako, na ukisema leo siko tayari, unaondoka zako. Ukikubali, anatoboa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipimo cha haraka, na mnasubiri kama dakika 20. Kikionyesha maambukizi huambiwi basi imekwisha: damu inapimwa tena kwa kipimo cha aina nyingine ndipo upewe jibu. Kama uliloliogopa limetokea juzi tu, sema, kwa sababu kipimo kinaweza kisione maambukizi ya wiki za mwanzo na itabidi urudi. Na kama saa 72 hazijapita, kuna dawa za siku 28 za kuzuia virusi visikae mwilini. Hizo hazingoji Jumatatu.

Jibu likiwa huna maambukizi, utazungumziwa kondomu, na kwa wanaume tohara, ambayo huku kwetu haikuwa desturi ya wazee. Likiwa unayo, tangu 2016 hakuna tena kungoja kinga ishuke. Unaanza dawa, hata siku hiyo hiyo ukiwa tayari. Kwa watu wazima wengi ni kidonge kimoja kwa siku. Ukikimeza bila kuruka mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, humwambukizi mwenza wako kwa ngono. Kina mama wenye VVU wanazaa watoto wasio na VVU, nao ni wengi kuliko watu wanavyodhani.

Sheria nayo iko upande wa mpimwaji. Sheria ya UKIMWI, Namba 28 ya 2008, inasema majibu ni siri, na mhudumu anayempima mtu kwa nguvu au bila yeye kujua anatenda kosa. Sheria hiyo pia inamtaka anayejua ana maambukizi amweleze mwenza wake, jambo gumu ambalo mshauri mzuri husaidia kulifanya. Marekebisho ya 2019 yaliwaruhusu vijana wa miaka 15 kupima bila ridhaa ya mzazi, yakahalalisha pia kujipima mwenyewe. Kifaa cha kujipima ni jibu zuri kwa mwenye aibu, ila kikionyesha maambukizi lazima kituo kithibitishe.

Mwaka 2007 Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, na mkewe Mama Salma walipima hadharani Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, na watu wengi wakajitokeza baada yao. Lilikuwa jambo jema. Ila rais hajawahi kukaa kwenye benchi letu.

Hatudai majengo mapya. Tunajua hali ya fedha, hasa tangu Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, na washauri wengi nchini walikuwa wakilipwa na miradi ya wafadhili. Tunachotaka ni cha bei ndogo. Maandishi ya mlangoni yafutwe. Wateja waitwe kwa namba, si kwa jina na ukoo. Foleni ya CTC ichanganywe na ya kisukari na shinikizo la damu, mtu asijue mwenzake amefuata nini. Dawa zifungwe zisilie kwenye mkoba kama njuga. Vifaa vya kujipima viwafikie wanaume walipo, kwenye soko la Kiwira, vituo vya bodaboda na mashamba ya chai ya Katumba, na jioni, si saa za ofisi. Mhudumu atakayetoa jibu la mtu nje ya chumba ashtakiwe kwa sheria iliyopo. Kuhamishiwa kituo kingine si adhabu.

Nawe msomaji, ukidaiwa hela ya kipimo hiki kwenye kituo cha serikali, usilipe. Mtafute mganga mfawidhi. Ukiitwa kwa sauti mbele ya watu, lalamika siku hiyo hiyo.

Mengi kati ya haya Waganga Wakuu wa Halmashauri za Rungwe na Busokelo wanaweza kuyaagiza kwa barua ya ukurasa mmoja. Waiandike wiki hii.