Ndoa ya Santuri na Chupa

Huko Marekani na Ulaya kuna desturi ambayo wengi wetu hapa pwani tutaiona kuwa ni kioja. Mtu hununua santuri ya muziki wa hevi metali, kisha akaitafutia bia ya kuoana nayo, kama sisi tunavyoutafutia wali kitoweo chake. Santuri ya mwendo wa pole na sauti nzito hupewa bia nyeusi; ile ya mbio na vishindo hupewa bia nyepesi yenye uchungu. Bia zenyewe ni za viwanda vidogo vidogo, na vingine, kama TRVE kilichofunguliwa mjini Denver mwaka wa 2011, vimejipatia jina kwa mapenzi ya muziki huo.

Mimi kilevi sikigusi. Lakini muziki huo nausikiliza, na vijana wetu nao wanausikiliza katika simu zao, na wazee wakiusikia husema mara moja: huo ni muziki wa walevi. Basi nauliza, ndoa hii aliifungisha nani?

Turudi Birmingham, Uingereza, mji wa viwanda. Tony Iommi alikuwa kijana wa kiwandani pale mashine ilipomkata ncha za vidole viwili. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki, na baadaye akazilegeza nyuzi za gitaa zisimuumize. Kundi lake, Black Sabbath, lilitoa santuri ya kwanza Februari 1970, na uzito wa sauti yake uliigwa dunia nzima. Mashine ya kukata chuma ina sehemu yake katika uzito huo, chupa siioni. Ila wapigaji wa namna hii walikuwa watoto wa wafanyakazi, na jukwaa walilolipata lilikuwa katika baa. Iron Maiden, kundi lililoanzishwa 1975 mashariki mwa London, lilikulia humo. Bia ilikuwa mwenye nyumba tu.

Biashara ndiyo iliyokuja kumfanya mwenye nyumba kuwa mume. Mwaka wa 2013 Iron Maiden walishirikiana na kiwanda cha Robinsons cha Stockport kutoa bia iitwayo Trooper, jina la wimbo wao wa 1983 kuhusu wapanda farasi wa Kiingereza waliouawa katika vita vya Crimea mwaka wa 1854. Santuri haziuziki kama zamani, na jina kubwa halikosi mnunuzi likibandikwa juu ya chupa.

Metallica walikwenda mbali zaidi. Mwaka wa 2018 walitoa whisky ambayo mapipa yake hupigiwa nyimbo zao, ati mtikisiko uikoleze. (Pipa nalo lina masikio!) Mwaka wa 2019 wakaongeza bia, pamoja na kiwanda cha Stone cha California. Septemba ya mwaka huo huo ziara yao ya Australia na New Zealand iliahirishwa, kwa kuwa mwimbaji wao, James Hetfield, amerudi kwenye matibabu ya uraibu. Mara ya kwanza ilikuwa 2001. Simcheki, namwombea afya. Lakini jina la kundi lake lilibaki kwenye chupa hata yeye alipokuwa akitibiwa.

Na wako waliokataa posa hiyo. Wasichana watatu wa Kiislamu kutoka Garut, Java Magharibi, waliunda kundi la Voice of Baceprot mwaka wa 2014. Hupiga hevi metali na hijabu zao kichwani. Mwaka wa 2022 walipanda jukwaa la Wacken, Ujerumani, tamasha ambalo waandaaji wake walilifukia bomba la bia chini ya ardhi mwaka wa 2017. Kwao walilaumiwa, wakatoa wimbo ambao jina lake ni ombi kwa Mwenyezi Mungu awaruhusu kupiga muziki. Mas'ala ya muziki wenyewe masheikh wamekhitilafiana, nami si mwanachuoni. Juni 2024 walipiga Glastonbury, kundi la kwanza la Indonesia kufika huko.

Hapa kwetu, sera iliyotolewa na Serikali Julai 2025 ilipendekeza umri wa kununua pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, na watu mashuhuri wasitumiwe kuitangaza. Nembo ya kundi ikiwa juu ya fulana, inatangaza muziki. Ikiwa juu ya chupa, inatangaza nini? Hilo ningependa waulizwe wanaoandika sheria.