KAZI ZA WATU: Mpiga picha wa Bamako

Picha ya kitambulisho hutuonyesha uso tu, tena umenuna. Picha ya studio ni kitu kingine.

Seydou Keïta alikuwa fundi seremala katika mji wa Bamako, nchini Mali. Mwaka 1935 mzee mmoja wa ukoo wake alirudi kutoka Senegal na kamera ndogo. Akampa kijana huyo. Mwaka 1948 Keïta alifungua studio nyumbani kwake.

Alipenda kupiga picha uani, kwa mwanga wa jua. Nyuma ya mteja alitundika shuka lake la kitandani. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo mara nyingi alipiga mara moja tu. Basi ilimbidi amtazame mtu vizuri kwanza. Aligeuza bega kidogo. Alipanga mikono. Asiye na saa aliazimwa saa. Asiye na koti aliazimwa koti. Redio ilikuwapo, hata pikipiki ya Vespa.

Wako watakaosema huo ni uongo. Mimi sioni hivyo. Mtu anayechoka kila siku ana haki ya kuonekana maridadi siku moja. Na mama yake aliye mbali, akiipokea picha ile, atalala bila wasiwasi.

Miaka ya 1960 Keïta aliajiriwa na serikali, akafunga studio. Alifariki mwaka 2001. Filamu zake alizitunza, maelfu kwa maelfu. Shuka la nyuma alikuwa akilibadili kila baada ya miaka michache. Akitaka kujua picha ni ya mwaka gani, alitazama shuka.