Deni limekwisha, karatasi ya parseli iko wapi?



Wiki hii ninaweka kando habari ya masomo ya nyumbani. Mama mmoja wa kikundi chetu alinisimamisha pale sokoni Baraka, akaniambia: "Mama mwalimu, kredi nimelipa yote, lakini karatasi ya parseli wananizungusha nayo. Kila siku ni njoo kesho. Nifanye nini?" Nilimshika mkono, kwa sababu miaka miwili iliyopita mimi pia nilipita njia hiyo.

Mimi na baba watoto tulikopa dola 400 kwenye koperative moja ya akiba na mikopo. Jina lake nitaliacha. Tulitaka kumaliza paa la nyumba kabla ya mvua. Kama dhamana tuliacha karatasi ya kuuziana parseli, ile yenye sahihi ya muuzaji na mashahidi na muhuri wa shefu. Tulipatana kulipa dola 50 kila mwezi, miezi 10. Mshahara wa mwalimu mnaujua, kwa hiyo biashara yangu ndogo ya ndakala ndiyo iliyobeba deni lile.

Siku ya malipo ya mwisho nilivaa kitenge kizuri, kama mtu anayeenda kupokea diploma. Kijana wa dirishani akasema: "Mkuu ameenda Uvira na ufunguo wa kabati. Urudi Jumatatu." Jumatatu wakasema Ijumaa. Mara ya tatu kijana hakuinua hata macho, alikuwa anaongea na simu. Mara ya nne nikaambiwa kwamba mashine inaonyesha sikulipa mwezi wa sita, na kwamba amende inaendelea kupanda.

Hapo nikapandisha sauti mbele ya watu wote. Kijana akafunga dirisha. Nikarudi nyumbani sauti imekauka na karatasi sina.

Usiku ule nilipanga risiti zangu juu ya mkeka. Zilikuwa tisa. Mwezi wa sita nilimpa pesa ajenti aliyekuwa anapita sokoni kukusanya malipo. Aliniambia kitabu cha risiti kimekwisha, ataniletea kesho. Nilimwamini kwa sababu nilimfundisha mdogo wake. Kesho hiyo haikufika, na ajenti mwenyewe alikuwa ameisha kuacha kazi.

Nikajiuliza: mzazi akija shuleni kulalamika kwamba alama za mtoto wake zimepotea, mimi ninafanya nini? Ninafungua daftari. Akipiga kelele, daftari haligeuki. Akileta kazi ya mtoto niliyoisahihisha kwa mkono wangu, ninalazimika kuandika upya.

Basi niliandika barua ya ukurasa mmoja, nakala mbili. Nikaweka tarehe ya kukopa, kiasi tulichokopa, tarehe ya kila malipo, siku nne nilizofika pale na maneno niliyoambiwa. Mwisho nikaandika ninachoomba: karatasi yangu, au jibu la maandishi kabla ya siku 15. Nikaambatanisha fotokopi za risiti, zile zenyewe nikazibakiza nyumbani. Nikaenda na wamama wawili wa MUSO yetu. Hatukugombana na mtu. Tuliomba tu kwamba kwenye nakala yangu watie muhuri, tarehe na jina la aliyepokea.

Ndipo nikasikia: "Mama, ukae." Katika safari nne hakuna aliyenionyesha kiti.

Siku ya tisa wakaniita. Miezi tisa ilionekana yote, na amende wakaifuta. Lakini mwezi wa sita, ule usiokuwa na risiti, nililipa mara ya pili. Dola 50. Niliuma meno nikalipa. Nikatoka na karatasi ya parseli pamoja na karatasi nyingine yenye muhuri inayosema deni letu limekwisha.

Wamama, kwa nini ninasumbuka hivi kwa karatasi moja? Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973, udongo ni wa Serikali, na haki ya mtu juu ya parseli inathibitishwa na sertifika ya kuandikishwa kwenye biro ya hati za ardhi. Huko ndiko rehani ya nyumba inaandikwa pia. Wengi wetu hatuna sertifika hiyo. Tuna karatasi ya kuuziana tu. Ikipotea kabatini mwa watu, tutaanza upya kutafuta mashahidi, na wengine wamekufa, wengine walikimbilia Tanzania hawakurudi. Kesho jirani akisogeza mpaka, utamwonyesha nini?

Kwa hiyo chukueni haya.

Kabla ya kukopa, kubalianeni nyumbani, na wote wawili mtie sahihi. Sheria ya familia iliyobadilishwa mwaka 2016 iliondoa ile ruhusa ya bwana ambayo mke alidaiwa zamani, lakini inataka mume na mke wapatane kwa mambo yanayowafunga.

Ukiacha karatasi yako, bakiza fotokopi, na udai maandishi yanayosema wameipokea na watairudisha siku gani. Na usitie sahihi kwenye karatasi inayosema umeuza parseli, hata wakikuambia ni desturi yao tu. Kukopa ni kukopa, kuuza ni kuuza.

Usitoe pesa bila risiti, hata kwa mtoto wa dada yako. Kama kitabu kimekwisha, na pesa ingoje.

Wakikuzungusha, andika. Anza na mkuu wa biro. Kama ni koperative, kumbuka kwamba wewe si mgeni pale. Sheria inayoongoza koperative za akiba na mikopo inazifanya kuwa mali ya wanachama. Kuna mkutano mkuu, na kuna baraza la uangalizi linalochaguliwa na wanachama. Peleka barua yako huko, na siku ya mkutano usimame useme. Wakinyamaza, Benki Kuu ya Kongo ndiyo inayozisimamia. Nakala yako yenye muhuri ndiyo itakayokusemea.

Katika MUSO zetu tunahesabu pesa za kaisha ya kijani na kaisha nyekundu mbele ya macho ya wote, na mama asiyejua kusoma anaona pesa yake imewekwa wapi. Tumezoea usafi huo. Basi tusikubali kuingia kwenye biro yenye meza na mashine halafu tusahau kuuliza.

Kijana wa dirishani nilimwomba msamaha kwa kelele zangu. Na yeye akaomba msamaha kwa dirisha lake. Siku hizi tunasalimiana.

Kazi ya nyumbani kwa wiki hii: kila mama mwenye deni atoe risiti zake, azihesabu, azipange kwa tarehe kwenye kaye moja. Kama moja inakosekana, aende kuidai sasa, wakati aliyepokea pesa angali yupo. Asiyejua kusoma amwite mtoto wake wa darasa la tano amsaidie. Na mtoto atajifunza hesabu ambayo haiko kwenye kitabu chake.

Tuonane wiki ijayo.