Nyumba ya Familia Inauzwa. Familia Inajua?

Kuna matangazo yanayowachanganya kabisa watu waliochoka na joto na foleni za Dar. Nyumba ya familia inauzwa Marangu, vyumba vinne, migomba na kahawa uani, Kilimanjaro inachungulia dirishani asubuhi. Mwenzio keshaanza kuchagua mapazia, wewe unapiga hesabu za mkopo. Raha tupu!

Subirini kidogo jamani. Kwenye tangazo hilo, neno la kusoma mara mbili ni "familia". Kwa Wachaga, kihamba si kiwanja tu. Ni urithi, kwa desturi nyumba ya wazazi humwangukia kitinda mimba wa kiume, na mara nyingi wazee wamezikwa humo humo. Ukinunua kwa kaka mmoja mwenye haraka na pesa, Desemba ukoo mzima ukipanda kwenda kula Krismasi utaukuta mlangoni kwako.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi ya utangulizi, ulizeni. Muuzaji ana ndoa? Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inamtaka mnunuzi aulize kama ridhaa hiyo ipo, hivyo "sikujua" haitakusaidia. Wazazi walishafariki? Ombeni kuona barua ya mahakama inayomtambua msimamizi wa mirathi, kisha zungumzeni na ndugu wote, hata dada walioolewa mbali. Hao ndio husahaulika mpaka siku ya kesi. Hati ipo? Fanyeni upekuzi kwa Msajili wa Hati. Haipo? Nendeni ofisi ya kijiji, na majirani wawaoneshe masale yaliyopandwa mpakani.

Halafu lipo swali ambalo wapenzi wengi hulikwepa: hati itasoma jina la nani? Kama mshahara wa wote wawili ndio utakaolipa mkopo, andikeni majina yote mawili. Kuuliza hivyo si kukosa imani, bibie, wala si kutaka kumtawala mtu. Mwenzio akinuna, bora anune leo mkiwa sebuleni kuliko miaka kumi baadaye mbele ya hakimu.

Mlima hauhami. Chukueni muda wenu.

Tukutane mwezi ujao!