Saa za bure zenye bili

Kwa Mhariri,

Malezi ya watoto kwa gharama ya serikali yalinadiwa na vyama vikubwa vya Uingereza katika uchaguzi wa 2015. Labour waliahidi saa 25 kwa wiki kwa wazazi walio kazini wenye watoto wa miaka mitatu na minne. Conservative wakapanda dau hadi saa 30, wakashinda, na mpango ukaanza England nzima Septemba 2017. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kuuteremsha, hatua kwa hatua, hadi kwa watoto wa miezi tisa.

Kasoro ni kwamba saa hizo ni za wiki 38 tu za mwaka, kwa kufuata mihula ya shule. Mzazi akizitandaza mwaka mzima, saa za kila wiki hupungua. Chakula na nepi navyo havimo.

Mama mmoja Mswahili jijini London husafisha ofisi, zamu yake ikianza saa kumi na moja alfajiri. Kituo cha malezi cha mtoto wake hufunguliwa saa mbili asubuhi. Mtoto hulazwa kwa jirani, naye jirani hulipwa. Mwisho wa mwezi kituo nacho huleta bili ya chakula, nepi na "huduma za ziada".

Wizara ya Elimu ya hapa inaombwa ieleze wafanyakazi wa zamu wamewekewa mpango gani. Wasomaji wenye watoto England nao waandike bili zao zinasemaje.

Msomaji,
London